Pini Mbili za Nkambo

Karakanani kwetu kuna usemi ambao wageni huuzoea kabla hawajajua funguo zinakaa wapi. Mtu akigusa mashine bila kusema anachofanya, wenzake humwambia amefanya Kabange. "Usinifanyie Kabange," anasema fundi kwa mwenzake asubuhi, wote wanacheka, kazi inaendelea. Wengi wenu mnaosema hivyo hamkumwona Papa Kabange hata kwenye picha. Mimi nilimwona. Ndiye aliyenifundisha karibu yote ninayoyajua kuhusu mvuke, na kwa usemi huo mnamwonea. Nimestaafu mwezi uliopita, kichwa bado kinashika mpangilio wa mambo, kwa hiyo nataka kuliweka sawa jambo hili.

Espérance, ambaye sasa ndiye mkuu wa karakana, ndiye aliyenisukuma niandike. "Tonton, utuandikie bile bintu biko mu kichwa yako, habiko mu manuels," aliniambia siku ya kuniaga; tonton, yaani mjomba, ndivyo mnavyoniita. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu yenu mnakisema, ingawa kila mmoja anakiharibu kwa namna ya kwao. Kwa Kifaransa nimeandika ripoti miaka ishirini na sita, na mnazijua ripoti: zina adabu kuliko ukweli.

Nilifika Laeken, hapa Brussels, siku ya baridi kali, nimevaa viatu vya kanisani kwa sababu sikuwa na vingine. Karakana ilikuwa palepale ilipo leo, nyuma ya safu ya nyumba za watu, na paa lilivuja mahali palepale. Nilikuwa nimemwambia Monsieur Luc, mkuu wa wakati huo, kwamba najua mashine za mvuke. Ukweli ni kwamba aliyezijua ni baba yangu, aliyefanya kazi reli kule Likasi. Mimi nilijua dizeli. Monsieur Luc, Mbelgiji mrefu asiyependa maneno mengi, alinipeleka kwa mzee aliyelala chali chini ya boila. Mzee hakutoka. Niliona miguu tu.

"Uko mutoto ya nani?" miguu ikauliza.

Nikamtaja baba.

"Wa Likasi?"

"Ndiyo, papa."

"Bon. Baba yako alikuwa anajua. Weye hapana. Hiyo viatu si ya muntu ya mvuke."

Huyo ndiye Papa Kabange, baba wa wote karakanani. Alinipa kitambaa na kopo la mafuta ya taa, akanielekeza kwenye mashine kubwa iliyokuwa katikati ya karakana, akaniambia niipanguse. Niliipangusa wiki mbili. Kila jioni aliniuliza swali moja: bolti ngapi upande wa kushoto wa silinda, mnyororo una pingili ngapi, ni spoki ipi ya gurudumu iliyowahi kuunganishwa. Nikikosea, kesho yake napewa kitambaa tena. Nilidhani ananidharau. Baadaye nilielewa kwamba mkono uliopita kila mahali na kitambaa huwa unakumbuka, na hadi leo naweza kuwaambia spoki iliyounganishwa ni ya saba kutoka kwenye tundu la pini.

Mashine yenyewe mnaifahamu. Ninyi mnamwita Nkambo, kama tulivyomwita sisi, yaani bibi mzaa baba au mama kwa lugha ya kwetu Katanga. Lakini sina hakika kama mnajua alitengenezwa na watu wenye mawazo gani, na bila hilo hamtaelewa kilichotokea.

Nkambo ni gari la mvuke la kukokota, katika yale ya mwanzo mwanzo, kabla wabunifu hawajajua wanabuni nini. Kabla yake kulikuwa na mashine za mvuke za shambani, boila juu ya magurudumu manne, zenye nguvu ya kuendesha mashine ya kupura ngano lakini haziwezi kujisogeza hata hatua moja. Farasi wanne walizivuta kutoka shamba moja hadi jingine. Yaani wanyama walitoka jasho kuvuta kitu chenye nguvu kuliko wao wote. Kuna mtu akaliona hilo, akafunga mnyororo kutoka kwenye shafti ya juu mpaka mhimili wa nyuma, mashine ikaanza kujivuta yenyewe. Ila hakujua jinsi ya kuikatisha kona. Basi akamwacha farasi mmoja mbele, kazi yake kuelekeza tu.

Papa Kabange alimpenda sana farasi huyo. "Ile farasi njo directeur ya kwanza," alikuwa akisema, bila kuangalia upande wa ofisi. "Iko mbele, haivute kintu, na bote banaifuata."

Nkambo ni wa kizazi kilichofuata. Farasi ameondolewa, na mahali pake pana kiti kidogo mbele ya bomba la moshi, chenye usukani mpana. Mwelekezi anakaa pale mbele peke yake kama chifu, na dereva anasimama nyuma penye sanduku la moto. Boila lote limelala kati yao, hawaonani. Wakitaka kuambizana jambo ni kupiga kelele.

Tena Nkambo hana fremu. Magari mnayoyajua yana uti wa mgongo wa chuma, injini imebebwa juu yake. Yeye uti wake wa mgongo ni boila lenyewe. Silinda imefungwa juu yake mbele, shafti juu yake nyuma, mhimili chini, vyote kwa bolti zilizopenya ganda la boila. Boila likipata moto linarefuka kidogo, vile viti vya chuma vilivyoshika shafti havitaki kurefuka nalo, na bolti zilizo katikati ya ugomvi huo zinaanza kuvuja. Watengenezaji wa baadaye walipata akili, wakayarefusha juu yale mabamba mawili ya ubavuni mwa sanduku la moto na kuiweka shafti humo, bolti zikaacha kusumbua. Sisi tulibaki na bolti.

Kazi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa bolti hizo. Kiti cha shafti cha kulia kilivuja. Nilikaza bolti ya kwanza, mvuke ukahamia ya pili. Nilikaza ya pili, ukahamia ya nne, nadhani kwa kunikomoa. Siku ya tatu nilikuwa nimening'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote, Papa Kabange akanigonga begani.

"Unaifinya juu ya nini?"

"Inavuja, papa."

"Inavuja juu unaifinya. Kaza baridi, kidogo. Washa moto, ipate joto, kaza tena. Alors unaenda kwako, unalala. Asubui inapoa, unakaza mara ya mwisho. Haiko bagarre, haiko vita, petit."

Petit. Ndivyo alivyoniita siku zote, mdogo, ingawa nilikuwa na miaka thelathini na tisa na watoto watatu. Jina langu, Célestin, sikuwa nimelisikia kinywani mwake.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Nyundo ya kilo moja yenye mpini alioutengeneza mwenyewe. Kijiti kirefu cha mti mgumu ambacho aliweka ncha moja kwenye mashine na nyingine sikioni, akasikiliza ndani kama daktari. Kulegea kwa mnyororo alikupima kwa vidole: ukiuinua katikati, unatakiwa uinuke vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Viwili umekaza mno, utakula meno ya gurudumu. Vinne utaruka. Monsieur Luc aliwahi kupima vidole hivyo kwa rula na kuandika milimita kwenye kitabu cha mashine. Bado zimo humo, ukurasa wa pili, ingawa hamjui ni vidole vya nani.

Sasa nije kwenye pini.

Gari likikata kona, gurudumu la nje linasafiri mbali kuliko la ndani. Magari ya leo yana gia za kugawa mwendo kwenye mhimili, kila gurudumu linazunguka kwa kadiri yake. Nkambo hana. Mhimili wake ni fimbo moja, na magurudumu mawili ya nyuma hayajagandishwa juu yake. Kila moja linaunganishwa na sahani ya chuma iliyo kwenye mhimili kwa pini moja tu, nene kama dole gumba, ndefu kama kiganja na vidole vyake. Pini zote mbili zikiwa ndani, anakwenda moja kwa moja na kona kali hakati, ataburuza gurudumu na kung'oa barabara. Kwa hiyo kabla ya kona unasimama, mtu anashuka, anachomoa pini moja. Gurudumu hilo linabaki huru, lile jingine linasukuma. Kona ikiisha unasimama tena, unairudisha.

Inaweza kuchomolewa pini yoyote kati ya hizo mbili. Kumbukeni hilo. Na breki ya Nkambo haishiki magurudumu. Inashika lile gurudumu zito lililo juu kwenye shafti. Nguvu yake inateremka kwa mnyororo hadi mhimili, na kutoka mhimili hadi barabarani kupitia pini. Aliyebuni hivyo hakuwa mjinga. Hakufikiria tu kwamba itatokea siku ambayo pini zote mbili zitakuwa nje kwa wakati mmoja, maana nani angefanya hivyo?

Ilikuwa mwezi wa tisa wa mkataba wangu. Mkataba wenyewe ulikuwa wa mwaka mmoja, na karatasi zangu za kukaa nchini zilining'inia hapohapo. Mtaa ulikuwa na sherehe, tukaombwa tumpeleke Nkambo akiwa na moto wake, watu wamwone akitembea. Mvua ilikuwa imekatika punde. Monsieur Luc alisimama nyuma, ndiye dereva. Mimi nilikaa mbele kwenye usukani. Papa Kabange alitembea kando. Pini zilikuwa zake siku hiyo, na jina lake liliandikwa hivyo kwenye karatasi ya kazi.

Barabara inayotoka langoni kwetu inashuka kidogo, mnaijua, mteremko ambao mtu wa baiskeli hata hauoni. Chini kuna kona ya kushoto. Hatua kama thelathini kabla ya kona Monsieur Luc alisimamisha, akakaza breki. Papa Kabange akaenda gurudumu la kushoto. Nikageuka kwenye kiti changu, nikamwona kwa pembeni. Pini ya kushoto ilikuwa imebeba uzito wote wa mashine kwenye ule mteremko, ikakwama. Akapiga goti moja kwenye maji ya mfereji, akaanza kuigonga kwa nyundo.

Alikuwa na miaka sitini na minne, na goti lile lilikuwa bovu. Mimi nimekaa juu, mkavu, mikono kwenye usukani. Ninyi mliolelewa kwetu mnaelewa. Wengine nawaomba mwamini tu kwamba sikuweza kukaa. Nikashuka upande wa kulia, nikaenda gurudumu la kulia. Kama pini ya kushoto imebeba uzito, ya kulia ni lazima iwe nyepesi. Ilikuwa nyepesi kweli. Niliivuta kwa mkono mtupu, nikaitia mfukoni mwa ovaroli, nikafurahi kwamba nimempunguzia mzee kazi.

Kilichobaki ni kumwambia aache. Na hapo ndipo kosa langu lilipo. Sikupaza sauti. Kwetu mkubwa wako humpigii kelele ng'ambo ya mashine, "acha!", kama unafukuza mbuzi. Unamwendea, unasimama mbele yake, unasema, papa, pumzika, iko tayari. Basi nikazunguka kwa mbele, mwendo wa heshima, nimwendee.

Nilikuwa mbele ya gurudumu dogo la mbele, lile la usukani, niliposikia nyundo imebadilika sauti. Pini ya kushoto ilikuwa imetoka.

Nkambo alianza kuja. Taratibu, bila mlio. Monsieur Luc aliniambia baadaye kwamba kilichomtisha ni mnyororo: alikuwa anautazama, umetulia kabisa, gurudumu zito limetulia kabisa, breki imekaza, na nyumba za barabarani zinapita. Alivuta kila mkono wa chuma uliokuwa mbele yake. Hakuna hata mmoja uliokuwa umeunganishwa na kitu.

Mimi nilisimama. Ningependa kuandika kwamba niliruka, lakini nilisimama, nikimtazama kama mtu anayesalimiwa na asiyemjua.

"Célestin!" akapiga kelele Papa Kabange. "Célestin, toka!"

Nikatoka. Yeye alikuwa ameshanyakua kabari ya mbao iliyoning'inia nyuma, akakimbia na goti lake lile, akaisukuma mbele ya gurudumu kubwa la kushoto kwa mkono. Unatakiwa kuisukuma kwa mguu. Kwa mguu asingewahi. Gurudumu lilipanda nusu ya kabari, likatetemeka, likasimama. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa chini yake.

Sitaeleza zaidi juu ya vidole. Aliketi kwenye ukingo wa barabara akiwa ameufunga mkono kwa kitambaa, kitambaa kama kile alichonipa mimi, na mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika pini. Monsieur Luc alishuka, uso umemwisha damu, akauliza kwa Kifaransa nani amechomoa pini.

"Moi," akasema Papa Kabange.

Ilikuwa kweli. Aliulizwa pini, na pini alikuwa nayo mkononi. Monsieur Luc akazunguka, akakuta tundu la kulia tupu, akatafuta barabarani kote, akatafuta mferejini. Hakuipata. Mfukoni mwangu ilikuwa nzito kiasi kwamba nilihisi ovaroli inavutika upande mmoja. Papa Kabange alinitazama usoni, halafu akatazama mfuko, halafu akatazama barabara. Nikanyamaza. Nilifikiria mkataba, watoto watatu, karatasi. Ambulansi ilipofika nilikuwa bado nimenyamaza, na kesho yake ikawa vigumu zaidi, na keshokutwa zaidi.

Ripoti iliandika kwamba aliyekuwa na dhamana ya pini hakuhakikisha pini ya kulia imekaa vizuri kabla ya kuondoka, ikadondoka njiani isionekane, kisha akachomoa ya kushoto bila kutazama ya pili. Kila neno liliandikwa kwa adabu. Papa Kabange alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa kazi. Hakurudi.

Nilikwenda kumwona kwake Ixelles wiki iliyofuata. Binti yake, Maman Odette, alitupa chai akaingia jikoni. Mzee alisubiri mlango ufungwe.

"Pini iko wapi?"

"Iko kwangu, papa."

"Bon." Alikunywa chai kidogo. "Itunze. Isishike kutu."

Basi. Hakuniambia nyamaza, wala hakuniambia sema. Nimeyageuza maneno hayo kila upande kwa robo karne na sijui hata leo alimaanisha nini, ila nilichagua maana iliyonifaa. Pini niliipaka mafuta kila baada ya miezi michache, ikakaa kwenye droo ya jikoni. Siku moja nilimkuta mke wangu anatwangia vitunguu saumu. Nilimpokonya kwa ukali ambao hakuuelewa, na sikumweleza.

Pini mpya niliichonga mimi mwenyewe kwenye mashine ya kukereza vyuma, kwa sababu Monsieur Luc alinipa kazi hiyo bila kufikiri. Ndiyo mliyoitumia upande wa kulia hadi juzijuzi. Ni nyembamba kwa unywele mmoja, ndiyo maana ilikuwa ikilia kwenye kona. Mmewahi kuniuliza mara nyingi kwa nini inalia. Nilikuwa nasema ni uzee.

Kanuni mnayoifuata ilitoka kwenye ajali hiyo. Anayechomoa pini anaiinua juu ya kichwa na kuitaja kwa sauti, na mwenzake upande wa pili anainua mikono yote miwili wazi, aseme "Mikono mitupu!" Hakuna kusogea kabla ya hapo, hata kama mwenzako ni babu yako. Ni kanuni nzuri. Nimeinua mikono yangu mitupu mbele ya Nkambo mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na kila mara pini ilikuwa kwenye droo yangu.

Usemi nao ukaota polepole. Kwanza alikuwa Monsieur Luc, mara moja, kwa uchungu zaidi kuliko utani. Halafu waliokuja baadaye wakaudaka. Mwaka fulani mtu aliniambia mimi, nilipogusa bomba bila kutaja. "Tonton, umefanya Kabange!" Wote wakacheka, nami nikacheka. Hilo nalionea aibu kuliko siku yenyewe. Siku yenyewe niliogopa. Siku ya kucheka sikuwa na cha kuogopa.

Papa Kabange alifariki miaka tisa iliyopita. Kwenye matanga Maman Odette alinikalisha pembeni.

"Tonton Célestin, weye ulikuwako. Papa alifanya faute gani, kosa gani kweli? Yeye hakutuambiaka kintu."

"Mashine ni mashine, maman," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kupokea wageni.

Nilipostaafu nilidhani jambo hili litastaafu nami. Siku ya kuniaga, Espérance alisimama na karatasi yake akatoa hotuba fupi, nzuri, akamalizia: "Na miaka yote ile, tonton hakufanyaka Kabange hata mara moja!" Makofi yakapigwa. Nilikuwa nimeshika sahani ya keki. Nikaiweka chini.

Wiki iliyofuata nikachukua basi hadi mtaa wa Chaussée de Wavre. Maman Odette ana duka la vitenge pale. Alikuwa anapima kitambaa kwa mkono, kutoka kwenye ncha za vidole hadi begani. Nikangoja mteja aondoke, nikaiweka pini juu ya meza, nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Hakulia. Alikunja kile kitambaa vizuri, akakikunjua, akakikunja tena.

"Miaka ishirini na kitu," akasema. "Miye nilikuwa napita mbali na ile atelier, juu ya haya. Nasema, kule banamujua papa wangu sawa muntu wa kusinzia."

"Nisamehe, maman."

"Miye?" Alinitazama sasa. "Haiko miye banacheka, iko papa. Kamata kintu yako, uende kule kule banasemaka jina yake, uwaambie bo. Halafu utarudia hapa, tutaona."

Ndiyo maana mliniona Alhamisi ile, saa ya kahawa, na koti la kanisani. Mlikuwa watano. Nilisema nikiwa nimesimama, pini juu ya meza katikati ya vikombe. Hakuna aliyeigusa. Espérance ndiye aliyesema kwanza.

"Sasa tutasema nini, tonton? Ile neno iko mu kinywa ya bote."

"Lisemeni. Lakini kwa jina la mwenyewe."

Akashtuka kabisa. "Jina ya mukubwa? Hapana, tonton. Jina ya mukubwa haichezewake. Nitaisema aje, na weye uko muzima, unaniangalia?"

"La Papa Kabange mmelichezea na yeye hakuwa na wa kumsemea."

Alichukua pini, akatoka nayo uani mlipokuwa mmemwasha Nkambo kwa majaribio ya asubuhi. Akachomoa ile niliyoichonga, akaingiza ya zamani kwenye tundu la kulia. Iliingia kwa kidole. Hakutumia nyundo.

Mkamzungusha uani. Mimi nilisimama ukutani kama mgeni. Kwenye kona ya lango mkasimama kama kawaida, na fundi mmoja mpya, mtu mzima mwenye adabu zake, akamwona mwenzake aliyemzidi umri ameinama upande wa pili akihangaika na pini. Nikamwona uso. Niliujua uso huo. Akanyoosha mkono kimyakimya kwenye pini ya upande wake ili kumsaidia.

Espérance alikuwa juu, penye breki. Akamwona. Akanitazama mimi, kitambo kidogo, kama anayeomba ruhusa na anaichukua kabla hajapewa.

"Weye!" akapiga kelele mpaka dirisha la jirani likafunguka. "Usifanye Célestin!"

Bila tonton, bila papa, jina tupu, uani kote. Yule fundi akaurudisha mkono haraka. Nami pale ukutani, kwa mazoea ya miaka yote ile, nikainua mikono yangu miwili juu, na nilipoitazama ilikuwa mitupu.